Kwa nini watu wanahama nchi? (Sehemu ya pili): Fedha peke yake haielezi

Ukiuliza kwa nini mtu ameacha Uvira akaanza maisha ugenini, wengi watakujibu kwamba amefuata fedha. Jibu hilo linakwama papo hapo Kavimvira, mpakani mwetu na Burundi. Burundi ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, lakini Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu na kuelekea bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kwenda huko, na wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Mwaka 2015 Warundi ndio waliokuja kwetu. Walipokelewa katika kambi ya Lusenda, na baadaye Mulongwe ya Fizi. Wakati wa amani, mama muuzaji huvuka Kavimvira asubuhi na mzigo wake, akauza Bujumbura, na jioni yuko kwake anapika. Fedha ameifuata ng'ambo, na bado ni mkaaji wa Uvira.

Hata msiba peke yake hautoshi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe wa mjini Uvira ulifurika usiku, ukabomoa nyumba, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila makao. Wengi walijibana kwa ndugu au chini ya maturubai humu humu nchini, wakingoja kujenga tena.

Kinachomfanya mtu ahame moja kwa moja, kwa maoni yangu, ni kurudi kunakoshindikana mara kwa mara. Uasi wa Simba mwaka 1964 ulivusha watu Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania. Vita vya 1996 viliwavusha tena, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu mwaka huo huo; vya 1998 vikaongeza wengine. Kuanzia 2005, shirika la wakimbizi la UNHCR lilipowarudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, maelfu walikubali kupanda. Watu hao walitaka kwao. Lakini wapo waliokuta kiwanja kina mwenyeji mwingine na mlimani bado kuna wenye silaha. Aliyekimbia mara tatu hapandi tena michikichi ambayo huenda asiivune.

Nitaambiwa: mbona wengine wako Marekani na Kanada? Ni kweli, wapo, na watoto wao wanasoma vizuri. Lakini duniani kote, wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki 1 katika 100; UNHCR hupendekeza, na nchi husika huamua. Tena mwenye tamaa ya fedha hangevumilia miaka 20 kambini Tanzania, ambako kutoka nje kunahitaji kibali.

Kwa hiyo viongozi wanaowasihi vijana wabaki waanze kwenye mabaraza ya ardhi: mwenye kiwanja akirudi, kesi yake isikilizwe upesi, na hukumu itekelezwe. Namna mabaraza hayo yanavyofanya kazi ndiyo habari ya sehemu ya tatu.