Sola za Kubeba Kanda ya Ziwa: Nunua Wati, Usinunue Namba

Umeme wa bei ghali kuliko wote Kanda ya Ziwa hauuzwi na TANESCO. Unauzwa kwenye vibanda vya kuchaji simu visiwani na katika kambi za wavuvi, ambako mteja huacha simu asubuhi na kuifuata jioni. Betri ya simu janja ya kawaida, yenye mAh 5,000, hubeba umeme wa wati-saa 19 hivi. Uniti moja ya TANESCO ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hata ukiondoa umeme unaopotea kwenye chaja, uniti hiyo hujaza simu za namna hiyo zaidi ya 40. Mahali ambapo chaji moja ni Sh 500, mteja analipa zaidi ya Sh 20,000 kwa uniti ambayo mwananchi aliye kwenye kundi la matumizi madogo hununua kwa Sh 100, kabla ya kodi na tozo.

Mwenye kibanda hana kosa. Amenunua paneli na betri, anakaa kutwa kulinda simu za watu, na anauza huduma mahali ambapo nguzo haijafika. Lakini tofauti hiyo ya bei ndiyo inayoendesha biashara ya sola ndogo za kubeba jijini Mwanza, kuanzia kwa machinga wa Makoroboi hadi kwenye maduka ya vifaa vya simu katikati ya jiji. Mtu anayelipa Sh 500 kila siku hutoa Sh 15,000 kwa mwezi. Akinunua chaja ya sola ya Sh 60,000, fedha yake imerudi kwa miezi minne. Sharti ni moja tu: chaja hiyo iwe inachaji kweli. Hapo ndipo soko hili lina tatizo kubwa.

Wanunuzi wake si watalii peke yao. Wako wafanyabiashara wa dagaa wanaotoka Mwaloni Kirumba kwenda Ukerewe, Kome na Goziba kufuata mzigo. Wako mawakala wa fedha wa visiwani, ambao simu ikizima duka limefungwa. Wako walimu na wauguzi wanaopangiwa vituo vya mbali, na wako wavuvi, ambao kwao simu ni chombo cha usalama: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na taarifa ya upepo mkali haina faida kwa mtu ambaye simu yake ilizima tangu jana. Ziwa hili limeua watu wengi mno kiasi kwamba chaji ya simu haiwezi kuchukuliwa kama anasa.

Biashara yenyewe ilianza na taa. Kwa miaka mingi dagaa walivuliwa kwa karabai, na mafuta ya taa yalikuwa miongoni mwa gharama nzito za kila usiku. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ilifungua kituo cha sola Mbita, upande wa Kenya, ambako wavuvi walipata taa za betri zilizochajiwa na wananchi wakachaji simu. Miaka michache baadaye Arusha ikawa kitovu cha kampuni za sola za majumbani, Off Grid Electric na Mobisol zikiwa mbele, zikiuza kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mwaka 2016 kampuni ya Jumeme ilianza kusambaza umeme wa gridi ndogo ya jua Bwisya, kisiwani Ukara. Kisha Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na TANESCO wakasogea, hadi Serikali ikatangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme.

Kufikiwa kwa kijiji si kufikiwa kwa kila kitongoji, wala kwa kila mwalo. Hata hivyo mwelekeo unaonekana: kadiri nyumba zinavyopata umeme wa gridi, sola inahama kutoka juu ya bati na kuingia kwenye begi la msafiri. Mteja wa sasa anataka kitu chepesi cha kupanda nacho mtumbwini na kushuka nacho kambini.

Sokoni atakutana na bidhaa za aina tatu. Ya kwanza, na ndiyo inayonunuliwa zaidi na mtu mwenye haraka, ni pawabenki yenye kipaneli kidogo mgongoni, mara nyingi na tochi pembeni. Ya pili ni paneli ya kukunja yenye tundu la USB, isiyo na betri ndani. Ya tatu ni taa ya sola yenye paneli yake pembeni na tundu la kuchajia simu.

Hiyo ya kwanza ninaipinga waziwazi. Kipaneli cha ukubwa wa kiganja hutoa wati 1 au 1.2, tena jua likiwa kali. Mwanza hupata jua la nguvu linalolingana na takriban saa 5 kamili kwa siku, na kwa matumizi ya kawaida mtu hupata theluthi mbili hivi ya wati zilizoandikwa. Hiyo ni wati-saa 4 kwa siku, yaani chaji ya simu moja ndogo ya kitochi. Pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 hubeba wati-saa 37, kwa hiyo kuijaza kwa kipaneli hicho huchukua siku 10 za jua zuri, na ile ya mAh 20,000 huchukua siku 20. Ni kujaza pipa kwa kijiko. Ubaya mwingine ni kwamba ili paneli ipate jua, betri nayo lazima ikae juani, wakati betri za lithiamu kwa kawaida huagizwa zisichajiwe katika joto linalozidi nyuzi 45. Plastiki nyeusi juu ya jiwe, saa saba mchana, hupita hapo bila shida. Anayeinunua kwa ajili ya jua anajiharibia betri.

Tatizo jingine ni namba zenyewe. Utaona boksi limeandikwa mAh 50,000, na bidhaa ndani ni nyepesi kama simu. Njia ya kupima haihitaji fundi, inahitaji mizani ya duka la jirani. Seli moja ya lithiamu ya duara, ile inayofanana na betri nene ya tochi, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora kabisa hazizidi sana mAh 3,500. Pawabenki ya mAh 30,000 inahitaji seli kama hizo zisizopungua 9, yaani gramu 400 na zaidi kabla ya kuhesabu ganda na saketi. Ya mAh 50,000 inakaribia gramu 700 kwa seli tupu. Ikiwa mizani inasoma gramu 250, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Tena anayesafiri kwa ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam akumbuke kwamba kanuni za usafiri wa anga huruhusu bila kibali pawabenki isiyozidi wati-saa 100, ambayo ni karibu mAh 27,000, nayo hubebwa mkononi, haiwekwi kwenye begi la mizigo. Pawabenki ambayo kweli ina mAh 50,000 ina wati-saa 185 na haipandi ndege ya abiria. Mfanyabiashara anayekuhakikishia vyote viwili, ukubwa huo na ndege, kimojawapo si kweli.

Hata iliyo halali ina jambo la kuelewa. Namba ya mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, wakati tundu la USB hutoa volti 5, na umeme fulani hupotea kwenye ubadilishaji. Pawabenki ya mAh 10,000 itajaza simu ya mAh 5,000 mara moja na nusu hivi, haifiki mbili. Watengenezaji waaminifu huandika wati-saa, na wengine huongeza kiwango halisi kinachotoka. Tafuta maandishi hayo madogo kabla ya kusoma yale makubwa.

Paneli za kukunja nazo hupimwa kwa macho. Jua kali la mchana huleta wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na seli nzuri za leo hugeuza asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Maana yake karatasi ya A4 iliyojaa seli bila nafasi haitoi zaidi ya wati 13 hivi. Paneli inayodai wati 20 lazima, ikikunjuliwa, iwe na seli za kujaza karibu karatasi moja na nusu. Hesabu seli tu, usihesabu kitambaa. Ukiona inadai wati 40 na imekaa kwenye daftari moja, irudishe mezani.

Kwa msafiri wa kawaida wa ziwani, uamuzi wangu ni huu: paneli ya kukunja ya wati 10 hadi 20, pamoja na pawabenki ya kawaida ya mAh 10,000 isiyo na kipaneli. Wati 10 kwa siku njema zitakupa simu janja moja na kitochi kimoja. Mwenye simu mbili au redio ya kuchaji achukue 20. Pawabenki inahitajika katikati kwa sababu simu ikiunganishwa moja kwa moja na paneli, wingu moja likipita chaji hukatika au hushuka, na simu nyingine haziongezi tena jua linaporudi. Pawabenki haisumbuliwi sana na hali hiyo, na jioni ndiyo inayoijaza simu kwa utulivu.

Eneo letu lina neema yake. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima, hivyo paneli hulazwa karibu bapa na kuinamishwa kidogo tu ili vumbi na maji viteremke. Lililo muhimu zaidi ni kivuli. Seli nyingi zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kamba au wavu ukifunika seli moja, paneli nzima inadhoofika. Pawabenki ikae chini ya paneli, kwenye kivuli, mbali na maji ya mtumbwini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, weka akiba zaidi ya chaji kabla ya kuondoka.

Kwa mvuvi ushauri unabadilika. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa kazi husimama. Siku za giza taa zote huchajiwa kwa wakati mmoja, na simu hukosa nafasi. Taa yenye paneli yake na tundu la simu ndiyo inayomfaa, hasa yenye betri ya lithiamu-chuma-fosfati, inayovumilia chaji na matumizi mara 2,000 na zaidi, wakati lithiamu ya kawaida huanza kuchoka baada ya mara 500 hivi. Bidhaa za Sun King na d.light zina historia ya kupimwa chini ya mpango wa ubora ulioanzishwa na Benki ya Dunia na IFC, ambao tangu 2020 unaitwa VeraSol, na orodha ya zilizofaulu iko wazi kwenye intaneti. Tatizo ni kwamba mpango huo hupima taa na mifumo ya sola, na pawabenki yenye kipaneli mgongoni haimo.

Pengo hilo Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani wanaweza kuliziba bila sheria mpya nzito. Kila pawabenki na kila paneli inayoingia nchini iandikwe wati-saa au wati halisi kwa Kiswahili, na atakayeandika uongo aondolewe sokoni. Mwenye duka mwaminifu atafaidika wa kwanza, kwa kuwa leo bidhaa yake nzito ya mAh 10,000 inashindanishwa na boksi jepesi la mAh 50,000 na kuonekana ghali.

Hadi hapo itakapofanyika, mnunuzi ajilinde. Dai risiti na dhamana ya maandishi, ya mwaka mmoja angalau. Nenda dukani mchana jua likiwaka, na simu yako ikiwa na chaji kidogo. Mwombe muuzaji muitoe paneli nje mbele ya duka na kuchomeka simu. Akikataa, nenda duka la pili.