Mjane wa Askari na Haki Zake: Majimbo ya Marekani Yanatoa Nini?



Likizo iliyopita, tukiwa kwenye utume parokiani, mzee mmoja alitufuata baada ya Misa ya pili, simu mkononi. Binti yake aliolewa na kijana aliyehamia Marekani, akajiunga na jeshi la huko, akarudi kutoka vitani akiwa mlemavu, na sasa amefariki dunia. Mjane amebaki Texas na watoto wawili, katika nyumba ambayo kodi yake ya mwaka imemshinda. Mzee akatuuliza: “Mafrateri, ninyi mnasoma. Serikali ile haina msaada wowote kwa mtu kama huyu?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulipofuatilia tuligundua kwamba jibu lipo, ila haliko mahali pamoja. Na kwa kuwa familia nyingi za kwetu zina ndugu katika jeshi lile (kuanzia mwaka 2009 liliwahi hata kuwaandikisha wahamiaji kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo), tumeona tuwashirikishe.

Serikali mbili, milango miwili

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tukisema “jimbo” katika makala hii hatumaanishi jimbo la askofu, bali mojawapo ya majimbo 50 yanayounda Marekani. Na tukisema “mwanajeshi wa zamani” hatumaanishi mzee wa pensheni tu. Kijana aliyetumikia miaka minne na kuondoka jeshini kwa heshima naye anahesabiwa.

Mlango wa kwanza ni serikali kuu ya Washington. Hiyo ndiyo inayolipa fidia ya kila mwezi kwa ulemavu uliotokana na utumishi, inayoendesha hospitali za wanajeshi wa zamani, na inayosomesha kwa mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1944. Mjane na watoto wa askari aliyekufa kwa sababu ya utumishi wanaweza kuomba fidia hukohuko. Hata wazazi wake wenye kipato kidogo wana fungu lao.

Mlango wa pili ni jimbo, na huu ndio wengi wanaoupita bila kuubisha. Kwa nini jimbo liwe na misaada yake? Kwa sababu kuna mambo ambayo yako mikononi mwake. Kodi ya nyumba na kiwanja inawekwa kwa sheria za jimbo na kukusanywa na mamlaka za chini yake. Vyuo vikuu vingi vya umma ni vya majimbo. Washington haiwezi kumfutia mjane kodi ya nyumba iliyoko Texas, lakini Texas yenyewe inaweza.

Mifano michache

Tuanze na kodi. Texas humsamehe kodi yote ya nyumba anayoishi mwanajeshi wa zamani aliyepimwa na serikali kuu kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Mwenye asilimia ndogo hupunguziwa kiasi. Akifariki yule wa asilimia 100, msamaha huo unaweza kuendelea kwa mjane, mradi hajaolewa tena na nyumba ileile bado ni makazi yake. Lakini ni lazima aombe kwa jina lake mwenyewe katika ofisi ya kaunti inayothamini mali. Asipoomba, ankara inakuja kama kwa jirani yeyote.

Tuje kwenye elimu. Texas ina sheria iitwayo Hazlewood, inayomwondolea mwanajeshi wa zamani ada katika vyuo vya umma vya jimbo kwa masomo yanayofikia krediti 150. Alichobakiza anaweza kumwachia mtoto wake, kwa masharti ya umri na maendeleo ya masomo. Mwenzi na watoto wa askari aliyeuawa kazini au aliyepata ulemavu kamili wana nafasi yao wenyewe. Sheria hiyo hailipii chakula, malazi wala vitabu. Wisconsin nayo hufuta ada kwa krediti 128 au mihula minane, na familia ya mwenye ulemavu wa kuanzia asilimia 30 inaweza kufaidika. California ina msamaha wa ada kwa watoto wa wanajeshi wa zamani wenye ulemavu uliotokana na utumishi.

Halafu makazi na uzee. California imekuwa ikiwakopesha wanajeshi wa zamani fedha za kununua nyumba tangu 1921. Majimbo pia yana nyumba za kuwatunzia waliozeeka au kuugua. Ya kwanza ilifunguliwa Connecticut mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha. Massachusetts ina msaada wa fedha kwa wenye kipato kidogo na wategemezi wao, na kila mji una ofisa wa kuwahudumia.

Tukilinganisha mifano hii tunaona jambo moja: familia mbili zenye msiba unaofanana zinaweza kupata mafao tofauti kabisa kwa sababu moja inaishi Texas na nyingine Wisconsin.

Yanayowakwamisha watu

La kwanza ni karatasi. Askari anapoondoka jeshini hupewa fomu iitwayo DD 214, inayoonyesha alitumikia lini na aliondoka kwa hali gani. Karibu kila ombi huanzia hapo. Familia iitunze kama hati ya kiwanja. Ikipotea, nakala huombwa serikali kuu.

La pili ni ukaazi. Majimbo mengi hutaka mwombaji awe mkazi wa hapo, na mengine huuliza askari aliandikishwa wapi. Kwa hiyo kabla ya kuhama, uliza utaacha nini na utakuta nini.

La tatu ni ndoa mpya. Mjane akiolewa tena, baadhi ya mafao hukoma. Hatusemi asiolewe. Tunasema ajue mapema.

La nne ni madalali. Kaunti nyingi zina maofisa wanaowasaidia wanajeshi wa zamani na familia zao kujaza maombi, na hawatozi hata senti. Anayedai malipo ili akuandikie ombi la kwanza la fidia, mkimbie.

Haki au hisani?

Darasani tunasoma kwa Aristotle kwamba kuna haki ya kugawa: jamii kumpa kila mmoja fungu linalolingana na anachostahili. Yule mzee aliuliza kuhusu “msaada”, na tunadhani neno hilo ndilo lililomfunga binti yake mdomo. Anayeomba msaada huona aibu. Huogopa kuonekana ombaomba ugenini. Lakini mume wake alitoa afya yake, na sheria ya jimbo ilikwisha kuandika kwamba nyumba yake isitozwe kodi. Kudai lililoandikwa si kuomba hisani.

Hata hivyo haki hii haibishi hodi. Inakaa ofisini ikimsubiri mwenyewe aje na karatasi zake.

Tulimwandikia mzee maelezo haya kwenye karatasi moja, akayatuma kwa simu. Kumbe mumewe alikuwa na msamaha ule alipokuwa hai, na mjane alidhani umezikwa pamoja naye. Amepeleka ombi, anasubiri. Basi, ndugu msomaji, kama katika jumuiya yako yupo mzazi mwenye mtoto aliyetumikia jeshi lile, au mkwe aliyefiwa huko, muulize swali moja tu: umebisha mlango wa jimbo?

Tuendelee kuombeana.