MBWA ANAYEOGOPA RADI

Mvua za vuli huja na radi nyingi, hasa katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria. Radi inapopiga, mbwa wengine hutetemeka. Huhema kwa nguvu, hutokwa na mate, hujificha uvunguni au chini ya ghala. Wengine hukimbia porini na kupotea. Watu husema, "Mbwa huyu mwoga, hafai kulinda." Hawamtendei haki. Hata mbwa mkali anayefukuza fisi huweza kuogopa radi.

Kwa nini anaogopa? Masikio ya mbwa husikia kuliko yetu. Ngurumo ya mbali usiyoisikia wewe, yeye ameshaisikia. Tena hajui ni kitu gani. Wewe unaweza kuelezwa: umeme wa mawinguni hupasha hewa moto kwa ghafla, hewa hutanuka na kutoa mlio. Mbwa hana wa kumweleza.

Jambo hili linahusu afya yetu pia. Mbwa mwenye hofu huweza kumwuma hata mtoto anayempenda. Mtoto humfuata alipojificha, akamvuta mkia. Mbwa hana pa kukimbilia, basi huuma. Wafundisheni watoto wamwache mbwa aliyejificha.

Mawingu yakianza kukusanyika, mfungue mbwa. Usimwache nje na mnyororo, wala usimfunge chini ya mti. Radi hupenda kupiga miti mirefu, na mbwa akivuta mnyororo kwa hofu huweza kujinyonga. Mwingize jikoni au stoo. Mtandikie gunia kavu kwenye pembe yenye giza. Kama una redio ya betri, ifungue. Sauti yake hufunika ngurumo kidogo. Wewe endelea na kazi zako karibu naye. Akikufuata mwenyewe, mpapase polepole na kusema naye kwa sauti ya chini. Wako wanaodai kwamba kumbembeleza humzidishia uoga. Si kweli. Kinachomzidishia ni fimbo. Usimpe pombe, wala vidonge vya binadamu, maana vidonge vya kutuliza maumivu huweza kumwua.

Mbwa mchanga ni rahisi kumzoeza. Kila inaponguruma kwa mbali, mpe tonge la ugali wenye mchuzi wa dagaa. Ataanza kuona ngurumo ni habari ya chakula.

Je, utajuaje kama ni hofu au ni kichaa cha mbwa? Hofu huisha mvua ikipita. Mbwa hutulia, hula na kunywa kama kawaida. Mwenye kichaa hapati nafuu. Tabia hubadilika hata siku za jua, huuma vitu ovyo, taya hulegea, hushindwa kumeza, kisha hufa. Huyo usimkaribie. Mwite bwana mifugo.

Ukiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usipake majivu wala majani. Nenda zahanati siku ile ile, uelekezwe panapotolewa sindano za kinga. Usingoje kuona dalili, kwa sababu dalili za kichaa zikianza kwa mtu, karibu kila mara hufa.

Mbwa naye achanjwe kila mwaka. Mwulize bwana mifugo siku ya chanjo kabla mvua hazijaharibu barabara.