Majina ya Mamalia Walio Hai na Waliotoweka

Lugha huwapa wanyama majina kwa jinsi waonekanavyo. Elimu ya viumbe huwapanga kwa nasaba zao. Njia hizi mbili hazipatani kila mara, na zinapoachana mwenye kupata taabu ni mtunga kamusi.

Nguva huishi baharini, na kwa hiyo watu wengi wamemhesabu kuwa samaki. Pimbi, kwa udogo wake, hudhaniwa kuwa jamaa wa sungura au panya. Lakini nguva huzaa na kunyonyesha. Tena uchunguzi wa mifupa na wa chembe za urithi waonyesha kuwa yeye na pimbi ni jamaa wa karibu wa tembo. Mwaka 1998 kundi kubwa liwakusanyalo hao watatu pamoja na muhanga, fuko wa dhahabu, tenreki wa Bukini na sengi lilipewa jina la Afrotheria. Sengi mwenyewe aliitwa na Waingereza kwa jina lenye maana ya "kirukanjia-tembo", naye si kirukanjia. Siku hizi wataalamu wengi wamelitwaa jina la sengi, lenye asili ya Kibantu.

Kwa waliotoweka hatari huzidi. Arsinoitherium, aliyeelezwa mwaka 1902 kutokana na mifupa ya Fayum, Misri, alikuwa na umbo kama la kifaru na pembe mbili nene puani. Ni rahisi kumwita "kifaru wa kale", lakini jina hilo lapotosha. Pembe zake zilikuwa za mfupa, zimesimama ubavu kwa ubavu. Pembe za kifaru ni za kitu kile kile kifanyacho kucha na nywele. Kwa nasaba, kifaru yu karibu na farasi, hali Arsinoitherium huwekwa karibu na tembo na nguva.

Kinyume chake ni mnyama aliyeonwa na Georg Wilhelm Steller katika Bahari ya Bering mwaka 1741, akamalizwa na wawindaji kufikia mwaka 1768. Huyo aweza kuitwa "nguva wa Steller" pasipo kosa, maana alikuwa wa jamii ya nguva hasa.

Basi jina la mnyama aliye hai lifaa kupewa aliyetoweka pale tu nasaba inapoliruhusu. Isipokuwa hivyo, afadhali jina la kitaalamu lipokewe lilivyo, na fasili ieleze umbo. Vivyo hivyo nguva aandikwe "mamalia wa baharini alaye nyasi", wala si samaki.