Jinsi kituo cha anga za juu kilivyojengwa kipande kwa kipande

KITUO cha Kimataifa cha Anga za Juu kina uzani wa takriban tani 420, na hakuna roketi ambayo ingekibeba kwa mkupuo mmoja. Ndiposa vipande vyake viliundwa duniani, kisha vikaunganishwa huko huko juu, yapata kilomita 400 kutoka ardhini.

Kipande cha kwanza, Zarya, kilirushwa na Urusi kutoka Kazakhstan mnamo Novemba 20, 1998. Wiki mbili baadaye, chombo cha Marekani, Endeavour, kilipeleka cha pili, Unity. Wanaanga walikinasa Zarya kwa mkono wa mtambo, wakaviunganisha viwili hivyo, kisha wakatoka nje kufunga nyaya za umeme. Mnamo Julai 2000 iliongezwa Zvezda, sehemu ya makazi, na wakazi wa kwanza wakawasili Novemba 2 mwaka huo.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na udhaifu. Vipande vingi vilivyosalia vilihitaji kubebwa na vyombo vya aina ya Endeavour. Mnamo Februari 1, 2003, kimoja cha aina hiyo, Columbia, kilisambaratika kikirejea duniani na kuua wanaanga saba. Ujenzi ulisimama. Wakazi wa kituo walipunguzwa kutoka watatu hadi wawili, wakitegemea vyombo vya Urusi kwa chakula na usafiri.

Ujenzi ulirejelewa mwaka wa 2006, na sehemu kubwa ikakamilika 2011. Urusi iliongeza maabara ya Nauka mwaka wa 2021.