Bwawa la Kuogelea Juu ya Udongo Mweusi wa Kitengela

Boksi la bwawa likifunguliwa uani, watoto huwa wameshajazana kandokando. Ndani mna turubai zito la plastiki, mabomba ya chuma, viungo vyenye umbo la T na pini za kuvishikiza. Turubai huanikwa juani lilainike, mabomba ya mlalo hupenyezwa ukingoni, viungo huyaunganisha hadi duara likamilike, kisha nguzo huchomekwa moja baada ya nyingine. Hakuna kuchomelea wala kukoroga saruji. Watu watatu wenye bidii huisimamisha fremu kabla ya chakula cha mchana, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Sehemu ngumu ilipaswa kumalizwa siku kadhaa kabla ya boksi kuguswa.

Bwawa la aina hii lenye kipenyo cha mita 3.66 na kimo cha sentimita 76 huchukua takriban lita 6,500. Hizo ni tani 6 na nusu za maji. Fremu haiubebi uzito huo. Kazi yake ni kuyazuia maji yasisambae, na mzigo wote unakalia ardhi. Huko Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ardhi hiyo ni udongo mweusi.

Wakazi wa nyanda hizi za Athi wanaujua vizuri. Umetokana na miamba ya volkano iliyo chini yake, na una mfinyanzi unaonyonya maji na kuvimba. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, udongo hufura na kunata kwenye viatu na magurudumu. Kiangazi kikishika, husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaweza kuingia. Ndiyo sababu mjenzi makini wa Kitengela huuchimba wote na kuuondoa hadi afikie mwamba au moramu, kisha hujaza mawe na kuyashindilia kabla ya kuanza msingi. Aliyeruka hatua hiyo huziona kuta zikipasuka misimu michache baadaye.

Wapo wanaoamini kwamba tani 6 za maji zitaukandamiza udongo utulie. Hazitoshi. Uzito huo umetandazwa juu ya zaidi ya mita 10 za mraba, kwa hivyo kila mita ya mraba inabeba kama kilo 600 tu. Udongo unaoweza kuinua ukuta wa mawe pamoja na paa lake hauwezi kushindwa na mzigo kama huo. Zege jembamba likimwagwa juu yake nalo huinuliwa na kukatika.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani upesi. Watoto wakirukaruka, maji humwagika pembeni, si katikati. Udongo ulio nje ya bwawa hulowa na kuvimba huku ule uliofunikwa na turubai ukibaki mkavu. Nguzo, ambazo zimesimama pale pale penye kulowa, huinuka upande mmoja na kuacha upande mwingine. Kwa hiyo shimo la msingi lazima lizidi bwawa. Nusu mita au zaidi kila upande ni kiasi cha busara.

Hesabu yake inashtua. Kwa bwawa la mita 3.66, ukiongeza sentimita 60 kila upande na kuchimba kwenda chini sentimita 60, utatoa mita za ujazo 11 za udongo. Udongo huo una uzito unaozidi mara mbili ule wa maji yatakayojazwa. Mwenye nyumba anayelipia bwawa bila kulipia uchimbaji huo amenunua nusu ya kitu.

Shimo hujazwa moramu kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa, na juu hutandazwa vumbi la kwari, lile lile linalowekwa chini ya kabro. Kila nguzo hupewa kabro lake, lililozamishwa hadi usawa wa vumbi. Kabro huzuia mguu wa nguzo usizame, na pia huutenga na unyevu. Hilo ni muhimu mahali ambapo visima vingi hutoa maji ya chumvi, maana chuma kilichotobolewa matundu ya pini hushika kutu upesi.

Kusawazisha hakuhitaji mtambo. Mafundi wanaosimamisha minara ya matangi hutumia mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji bila mapovu: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hata zikitenganishwa na upana wa ua. Palipo juu huchongwa, si palipo chini kufukiwa, kwa sababu kifusi kipya hudidimia. Tofauti ndogo ina gharama. Kina kikiwa sentimita 65 upande mmoja na 70 upande wa pili, nguvu inayosukuma ukuta huongezeka kwa karibu asilimia 16, kwani huenda kwa mraba wa kina. Nguzo za upande wenye kina zaidi huanza kuinama nje.

Anayeishi karibu na mji wa Kajiado, penye miamba ya kale na machimbo ya marumaru, ana shida tofauti: jiwe linalochomoza na kutoboa turubai. Kwake, kazi kubwa ni kuchagua mawe na kutandaza vumbi la kutosha.

Maji nayo ni ya thamani katika kaunti hii, ambayo ilipoteza mifugo mingi katika ukame wa mwaka 2022. Familia nyingi za Kitengela huyanunua kwa lori. Kwa hiyo usifungulie mpira na kuondoka. Jaza sentimita mbili na nusu tu, usimame, upime kina kila upande. Kikitofautiana, toa maji na urekebishe msingi. Hapo utakuwa umetumia lita 260 hivi, yaani mitungi 13 ya lita 20, na unaweza kuimwagilia miti.