Mgunga, Sisimizi na Tembo

Katika nyanda za Laikipia, Kenya, penye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, karibu kila mti ni wa aina moja: mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake imevimba kwenye shina na kutobolewa vitundu. Upepo ukivuma, miiba hiyo hupiga mluzi. Waliotoboa ni sisimizi wanaoishi humo.

Mti huwapa makao, na huwalisha majimaji matamu yanayotoka kwenye vikonyo vya majani. Wao hulipa kwa ulinzi. Tembo akivuta tawi, humiminika kwa wingi, wakapanda mkongani na kung'ata nyama laini ya ndani ya pua, mpaka jitu lile liuache mti.

Mwaka 1995, katika kituo cha utafiti cha Mpala, viwanja kadhaa vilizungushiwa ua ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Mtu angetarajia migunga istawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na Todd Palmer na wenzake yalionyesha kinyume chake. Mti usioliwa ulipunguza utamu na miiba ya makao, na walinzi hodari, *Crematogaster mimosae*, wakadhoofika. Nafasi yao ikatwaliwa na jamaa yao, *Crematogaster sjostedti*, asiyejali miiba kwa kuwa hulala katika mashimo yanayochimbwa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina. Kwa hiyo mbawakawa wakakaribishwa, na migunga ikakua polepole na kufa zaidi. Kwangu mimi, hakuna jaribio linaloeleza vizuri kuliko hili jinsi viumbe wanavyonufaishana: urafiki wa wawili hawa unategemea njaa ya wa tatu. Tunaposema tunahifadhi mti, basi, tuulize pia ni nani anayeula.

Sasa kuna tishio lingine. Tangu mwanzoni mwa karne hii, Laikipia imevamiwa na sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, *Pheidole megacephala*. Huwaua sisimizi wenyeji, kisha hawaulindi mti. Douglas Kamaru, mtafiti Mkenya, na wenzake walifuatilia yanayotokea baadaye katika hifadhi ya Ol Pejeta, wakachapisha matokeo mwaka 2024. Palipovamiwa, tembo huivunja migunga kwa kasi kubwa mno, na mbuga hubaki wazi. Simba huwinda kwa kunyemelea. Bila vichaka, pundamilia humwona mapema na kukimbia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba; kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao hapo awali hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, nao walifikia asilimia 42. Simba wenyewe hawajapungua, lakini sasa wanajilisha kwa mnyama mkubwa zaidi, mwenye pembe zinazoweza kumuua simba.